Viganja Vyeusi Chini ya Mjozi

Khimi alikuwa ameapa. Alisimama mbele ya hekalu la mungu wa kijiji, na mbuzi akachinjwa, akasema watu wote wakisikia kwamba viganja vya binti yake Kusum havitagusa tena bangi maisha yake yote. Kiapo hicho alikitunza miaka sita mizima. Akaja kukivunja asubuhi moja kwa sababu ya sakitu.

Na sakitu ilikuwa inakuja kweli, hilo siwezi kumsingizia. Aliyezaliwa kwenye milima ile anazijua dalili zake: mawingu yanaondoka yote, anga linatakata mpaka linatisha, na kunguru wanashukia bondeni hata saa nne haijafika. Baridi ile ikishapiga usiku mmoja, kesho yake maua ya mibangi ni makapi tu. Utayafikicha mpaka ngozi ichubuke na hutapata hata punje ya utomvu. Shamba la Khimi lilikuwa juu kuliko mengine yote, kwenye kibaraza cha jabali, mwendo wa saa tatu kutoka kijijini, mahali ambapo miti yote imekata tamaa isipokuwa mjozi mmoja uliopinda mgongo. Huko juu ndiko utomvu unakokuwa mzito. Na huko juu ndiko sakitu inakoanzia.

"Nisaidie leo tu," alimwambia Kusum alfajiri. "Mgongo wangu unaujua ulivyo. Tufikiche mpaka saa sita, tushuke, na Jumatatu uende zako hospitalini ukawe mtu mkubwa."

"Mama, si uliapa?"

"Niliapa. Mungu wetu ana masikio, lakini ana akili pia. Sakitu anaijua."

Ndivyo alivyo Khimi. Hata na mungu anapatana bei.

Sasa elewa kilichokuwa hatarini. Kusum alikuwa amemaliza masomo ya uuguzi, na barua ya kazi katika hospitali ya wilaya ilikuwa imefika. Aripoti Jumatatu, akiwa na karatasi ya polisi inayosema jina lake halimo katika daftari la kituo chochote. Jina likishaandikwa humo, hata kwa saa moja, hata kama kesi itafutwa baadaye, kazi imekwenda. Kijana mmoja wa kijiji cha pili alinyimwa jeshi hivyohivyo, na mpaka leo anachunga kondoo wa baba mkwe. Khimi alikuwa mjane. Mumewe aliteleza kwenye jabali akiwa na gunia la viazi mgongoni, Kusum akiwa na miaka minne. Ada yote ya masomo ilitoka viganjani mwake, kwa kufikicha ua baada ya ua. Kisha leo, siku tatu kabla ya Jumatatu, akampandisha mtoto huyohuyo shambani! Ukimuuliza atakwambia ni sakitu. Mimi nasema ni tamaa, na yeye mwenyewe alikuja kusema hivyo baadaye.

Wakafikicha. Kazi ile haina haraka. Unakamata ua la mbangi bichi likiwa bado juu ya shina lake, unalisugua taratibu katikati ya viganja viwili, hubonyezi sana, huachii sana, unakwenda kwenye jingine. Baada ya saa mbili viganja vimevaa ngozi nyingine nyeusi inayonata. Hapo ndipo kidole gumba kinaingia kazini: kinasukuma utomvu ule kutoka ukingo wa kiganja kuja katikati, kinaukunja, kinauviringisha, mpaka unapata kidonge cha charasi, bidhaa yenyewe inayouzwa. Kwa waliokulia katika kazi hii, kidole hicho hakipumziki hata wasipokuwa na kitu mkononi. Bibi yake Kusum aliaga dunia kitandani, hasemi, haoni, lakini gumba lake lilikuwa bado linasukuma kiganja.

"Hujasahau," Khimi alisema, akimtazama binti yake kwa jicho la pembeni. Alijaribu kuficha fahari yake, ikamshinda.

"Ningesahauje? Miaka sita nanawa mikono kwa dawa ya hospitali, na nikipata joto bado naisikia harufu."

"Basi wagonjwa wako watapona huku wanacheka."

Kusum alicheka mpaka akaketi. Ndipo sauti ikavuka korongo kutoka mlima wa pili.

"Ooooo Khimi! Mbuzi wako wamepanda juu! Mbuzi wakooo!"

Alikuwa jirani yao Dile, mwenye shamba la ng'ambo. Na Khimi hakuwa na mbuzi hata mmoja.

Alitupa macho chini. Njia ya kupandia kibarazani ni moja tu, inakwenda kwa kona, kona tisa, kama kamba iliyorushwa ovyo ukutani. Kwenye kona ya kwanza, kule chini kabisa, zilionekana kofia tano. Nne za kaki na moja yenye utepe mwekundu.

"Askari," Kusum alisema. "Mama, askari."

"Nimewaona. Nyamaza nifikiri."

Nyuma yao jabali limesimama wima. Upo ufa mmoja mtu anaweza kujibana, lakini mwaka juzi Dile mwenyewe alivutwa kutoka humo kwa miguu, akipiga kelele kama nguruwe, na tangu siku ile askari huanzia ufani. Kushuka huwezi ila kwa njia ileile ya kona. Mimea haikumtia Khimi hofu. Ardhi ile ni ya msitu, haina mwenyewe, na mbangi unaota popote, hata juu ya paa la hekalu. Askari wangeifyeka na kwenda zao. Shahidi wa mlimani ni mmoja tu, kiganja. Wakikukuta nacho cheusi, umekwisha.

Khimi alichukua vidonge vyote vya asubuhi, vilivyokuwa vimefungwa kwenye kitambaa kifuani mwake, akavirusha korongoni bila kuviaga. Kisha akamshika Kusum mikono, akaigeuza juu.

Loo! Ilikuwa imenona kwa utomvu.

"Samli iko wapi?" aliuliza Kusum. "Si ulikuja na samli?"

"Tumeila. Tumeipaka kwenye mkate tukaila, na mimi nikakwambia ongeza, mwanangu, umekonda."

Maji ya chemchemi hayakufaa kitu. Maji ya baridi huugandisha utomvu ule mpaka unakuwa kama lami. Utomvu hutolewa kwa mafuta tu. Ukikutana na mafuta unalegea, unajiviringisha, unaachia ngozi. Khimi alikitazama kifurushi cha chakula. Ulibaki mkate mmoja wa mvuke, ule wa kwao unaotiwa katikati kokwa za jozi zilizosagwa, zenye mafuta tele. Akautazama mjozi. Chini yake jozi zilikuwa zimeanguka, nyingi bado zimevaa maganda yao mabichi.

"Kona ya tatu," Kusum alisema.

"Acha kuhesabu. Tafuna!"

"Nini?"

"Tafuna jozi, umeze mate, ubakize mafuta! Una meno thelathini na mbili na cheti cha uuguzi, unaniuliza nini?"

Waliteremka mpaka kwenye mti, wakapiga magoti. Khimi aliupasua mkate akachokonoa jozi zote za ndani, akavunja nyingine kwa jiwe, mama anatafuna, binti anatafuna, wanatema viganjani mwa Kusum ule uji mweupe. Khimi akasugua. Alisugua katikati ya vidole, alisugua chini ya kucha kwa kijiti, akafuta kwa ukoka na mchanga, wakatafuna tena. Utomvu ulianza kulegea. Ukatoka vijinyuzi vijinyuzi, na Khimi, ambaye maisha yake yote hajawahi kutupa hata unyuzi mmoja, akavizika udongoni kwa kisigino.

"Kona ya sita, mama."

"Nikaange basi, unile! Leta mkono wa kushoto."

Kilipotoka cha mwisho, viganja vya Kusum vilikuwa vyekundu na visafi. Visafi mno. Binti wa mlimani, mwezi huu wa jozi, mwenye mikono kama ya mke wa hakimu? Khimi aliokota maganda mabichi, akayaponda, akamkamulia maji yake mikononi. Kila mtu anajua maji hayo. Yanaingia hudhurungi, yanageuka meusi, na hata uyapake pipa zima la mafuta hayatoki mpaka ngozi ibadilike. Sasa mikono ilikuwa myeusi tena, lakini weusi wa halali.

"Na yako?" Kusum alisema. "Mama, lete yako."

Khimi alitazama njia. Kona ya nane. Inspekta alikuwa amesimama, mikono magotini, akitafuta pumzi. Watu wa nchi za chini mlima huwatesa. Jozi zilizovunjwa zilikuwa zimekwisha, na sauti ya jiwe ingesikika.

Alipaka maji ya maganda juu ya utomvu wake hivyohivyo. Kwa macho tu, hungeona tofauti.

"Nisikilize," alisema, akitupia jozi zenye maganda katika matenga mawili waliyopanda nayo, kisha akasogeza lake hatua tatu mbali. "Hunijui. Wewe ni wa kijiji cha ng'ambo, umekuja kuokota jozi, umenikuta hapa. Hata wakinipiga kofi, hunijui."

"Siwezi."

"Utaweza. Uliweza kusomea maiti, utashindwa na hili? Rudia."

"Simjui."

"Umesema kama anayelia. Rudia."

"Simjui mama huyu."

Askari wakatokea.

Inspekta alikuwa mtu mnene wa makamo, midomo imemwiva bluu, hasira zote za kona tisa ziko usoni. Aliyemfuata alikuwa konstebo kijana, Tek Chand, mzaliwa wa bonde la jirani. Hakuwa anahema hata kidogo. Wengine watatu walikuwa na mapanga, nao walianzia ufani, kama Khimi alivyojua.

"Mnafanya nini hapa?" inspekta aliuliza.

"Jozi, bwana inspekta," Khimi alisema, akionyesha tenga. "Mwezi wa jozi huu. Karibu, pumzika, umechoka."

"Nimechoka, ndiyo. Na pale juu yenu kuna bangi ukubwa wa uwanja wa mpira. Hiyo hamkuiona?"

"Tunaiona kila mwaka. Inaota yenyewe. Tukiing'oa inarudi, kama ndugu wa mume."

Askari mmoja aliangua kicheko, akakimeza. Inspekta hakucheka.

"Ninyi ni ndugu?"

"Na nani, huyu? Hata kwa jina simjui. Mimi ni wa kijiji hiki, yeye ametoka ng'ambo kuniibia jozi zangu."

Kusum aliinamisha kichwa. 

"Tek Chand," inspekta aliita. "Mafuta."

Konstebo alitoa mfukoni kichupa cha mafuta ya haradali. Alimwendea Kusum kwanza, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Khimi alihisi moyo wake unapiga kwenye meno. Vipi kama umebaki unyuzi mmoja, mmoja tu, chini ya ukucha wa kidole kidogo? Mkono ule wa kushoto aliumaliza mbiombio. Tek Chand alimimina mafuta, akasugua kiganja kile kwa gumba lake, polepole, kama anayejua hasa anachotafuta. Akageuza, akatazama kucha, moja moja. Akasugua kwa kitambaa cheupe, kitambaa kikatoka na mafuta tu. Weusi ulibaki palepale.

"Jozi, afande," alisema. "Huyu ni jozi tupu."

Inspekta alipunga mkono. Alitazama jua, akatazama kona tisa alizozipanda na atakazozishuka. "Basi. Waache hawa. Twende tukafyeke, nirudi chini kabla kichwa hakijapasuka."

Khimi alisogea kwenye tenga lake. Imepita! Imepita, jamani, na zamu yake haikufika hata. Alianza kumwahidi mungu mbuzi wa pili kimoyomoyo.

Kisha akautazama mkono wa Kusum.

Msichana alikuwa amesimama wima kabisa, macho chini, kama alivyofundishwa. Lakini mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia ubavuni, umepakwa mafuta, una joto la hofu, na kidole gumba chake kilikuwa kimeanza. Kinatoka ukingoni mwa kiganja, kinasukuma mpaka katikati, kinakunja, kinaviringisha. Hakukuwa na kitu cha kuviringisha. Kilikuwa kinafanya tu, kwa utulivu, kama cha bibi yake kitandani. Kusum mwenyewe hakujua.

Tek Chand alikuwa ameona. Khimi alijua kwa jinsi shingo yake ilivyokakamaa. Hakuna mtu wa milima ile asiyeijua kazi ya gumba lile. Bila shaka hata mama yake Tek Chand huifanya akisinzia kando ya jiko. Konstebo alitazama pembeni haraka, lakini amechelewa, kwa sababu inspekta alikuwa anafuata macho yake.

"Anafanya nini yule na kidole?"

Konstebo alikuwa anafunga kichupa cha mafuta.

"Tek Chand, nakuuliza. Anafanya nini?"

"Baridi, afande. Labda baridi."

"Baridi gani ya kidole kimoja? Miaka mitatu niko wilaya hii, unadhani mimi mpumbavu?" Inspekta alirudi hatua mbili, akamkazia Kusum macho. Kidole kikasita, kwa kuchelewa. "Mikono safi, lakini inajua kazi. Kamata wote wawili. Majina yao yaandikwe, huko kituoni tutajua nani ni nani."

Majina yaandikwe. Khimi alisikia maneno mawili hayo na mengine yote hakuyasikia. Aliona barua ya hospitali, ile iliyowekwa juu ya kabati karibu na picha ya marehemu. Aliona miaka sita ya ada. Akili yake, iliyozoea kupatana bei na kila mtu, ilitafuta bei ya jambo hili, ikaipata, ikaiona si kubwa.

Akacheka. Alicheka kwa sauti, mpaka walioko ufani wakageuka.

"Ala! Bwana inspekta, unamkamata kasuku? Msichana wa watu amekaa hapa tangu asubuhi ananikodolea macho. Anachofanya ni kuniiga mimi. Tazama, mwenye nyimbo zake ni mimi hapa."

Akanyoosha kiganja chake cha kulia. Gumba likapanda, likasukuma, likakunja, likaviringisha, na katikati ya kiganja, mbele ya macho ya serikali, kikajitokeza kidonge cheusi, laini, cha daraja la kwanza.

Askari wote walikitazama. Hata inspekta, nadhani, alipendezwa kidogo.

"Mashamba haya ni yako?"

"Yanaota yenyewe. Lakini mikono ni yangu, hiyo siikatai."

"Utafungwa, mama. Unajua?"

"Najua. Kule gerezani si mnalaza watu chini ya paa la bati? Langu linavuja."

Walimshika. Tek Chand ndiye aliyemfunga mikono kwa mbele, kwa kamba, akailegeza kuliko inavyotakiwa. Inspekta alichukua daftari. Aliandika: Khimi Devi, mjane, miaka hamsini na miwili. Kalamu ikabaki hewani. Akamgeukia Kusum.

"Wewe. Mara ya mwisho nakuuliza, na ukinidanganya nakuandika. Unamjua mama huyu?"

Khimi alimtazama binti yake. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile aliogopa kweli, maana alimjua mtoto wake. Kusum hakuwahi kujua uongo. Hata akivunja kikombe akiwa mdogo alikuja na vipande mkononi. Sema, mwanangu. Sema, usiniangushe.

Kusum aliinua uso. Macho yake yalikuwa makavu.

"Simjui mama huyu," alisema. "Nimemkuta hapa."

Lilitoka vizuri. Lilitoka laini, bila kukwama, kama Khimi alivyotaka litoke. Hapo ndipo alipoumia. Askari, kamba, gereza, vyote alivipokea kwa mzaha. Neno hilo alilomfundisha yeye mwenyewe lilimwingia kama maji ya theluji, akajikuta anatamani, japo kwa nukta moja tu, kwamba mtoto angeshindwa.

"Haya, ondoka," inspekta alisema, akafunga daftari. "Na nisikuone tena kwenye mlima huu."

Kusum alijitwika tenga lake. Ili kuifikia njia, ilimbidi apite mbele ya mama yake. Alipofika hapo mguu wake uligonga mzizi, tenga likainama, na jozi zikamwagika zote, zikabingirika mpaka kwenye viatu vya Khimi.

"Mzembe!" askari mmoja alisema.

Kusum alipiga magoti, akaanza kuokota. Aliokota moja, mbili, tatu. Kwetu mtoto akiagana na mama kwa safari ndefu humgusa miguu, kisha hupeleka mkono kwenye paji la uso wake. Asiyefanya hivyo safari yake imeingia mkosi. Katikati ya jozi zile vidole vya Kusum viligusa mguu wa kulia wa mama yake, vikagusa wa kushoto. Kisha akajifuta paji la uso kwa mkono uleule, kama mtu aliyetoka jasho. Katika baridi ile.

Tek Chand aligeuka kutazama mlima wa ng'ambo.

Mama aliyeguswa miguu hana budi kuweka mkono kichwani pa mtoto na kumbariki: ishi mpaka uote mvi. Mikono ya Khimi ilikuwa imefungwa, na ilikuwa michafu. Ikabidi atumie mdomo.

"Okota upesi, binti wa watu," alisema kwa ukali. "Okota zote, kazile, zikuotee mvi kichwani."

Kusum aliitikia kwa kichwa bila kuinua uso. Akaokota ya mwisho, akainuka, akashuka kona ya kwanza, na ya pili, hakugeuka nyuma. Khimi alisimama akimhesabia kona zote tisa, na hata inspekta hakumharakisha.